Matusi yanayomlisha papa Adolphe

Saa mbili asubuhi, Kikula, mtaa wa mji wa Likasi kusini mwa Kongo, imekwisha kuamka kitambo. Malori ya madini yamepita, vumbi lake jekundu limetua juu ya nguo zilizoanikwa, na wanawake uani wanawalaani madereva mmoja mmoja. Bibiane Mwewa anasukuma mlango wa mbele wa nyumba ya papa Adolphe Kalaba. Hapigi hodi. Anaingia akitukana.

"E, mbuzi! Uko ungali muzima? Hii kitanda nilishaka iuzisha! Muntu anakuya kuibeba leo!"

Mzee ana miaka sabini na moja, na tangu kiharusi kimpige, upande wake wa kulia ni mzigo tu na ulimi wake unatembea kwa mkongojo. Lakini jibu lipo njiani, na linafika.

"Chui... ya meno yote ilianguka. Utanikula na nini? Na fizi?"

Bibiane anacheka mpaka anashika ukuta. Kisha anakunja mikono ya blauzi, anapitisha mkono nyuma ya mgongo wa mzee, anamkalisha kwa mvuto mmoja. Anamwosha uso, kwapa, mgongo, miguu, akimtukania kila kiungo. Anamvika shati safi. Analeta sahani: bukari laini, ule ugali wa huku, mchicha wa lengalenga, na samaki mkavu aliyechambuliwa miiba. Tusi moja, tonge moja. Mzee anatafuna, anameza, anatukana naye, anafungua kinywa tena. Sahani inakwisha.

"Umeona?" anasema Bibiane, akifuta vidole vyake kwenye kitenge. "Hii njo banaita ukatili."

Neno hilo analitema. Ana miaka arobaini na sita, sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na hasira ambayo mtaa mzima unaijua. Ukitaka kuisikia, mtaje mtu aitwaye Hénoc, kisha kaa mbali kidogo.

Bibiane hakusomea utunzaji wa wagonjwa. Aliingia katika kazi hiyo kupitia mlango ambao wanawake wengi wa Likasi huupitia: mume alikwenda Kakanda kutafuta kazi, akapata kazi na mke pia. Bibiane, aliyebaki na watoto wanne, alianza kukaa kwenye korido za hospitali, akingoja familia isiyo na mtu wa kulala na mgonjwa wake. Alifua mashuka, alipika uji, aligeuza miili. Siku ya bahati alipata faranga elfu nne. Siku isiyo na bahati alirudi na harufu ya dawa tu.

"Bantu banafikiri kuchunga mugonjwa ni roho mzuri," anasema. "Roho mzuri inaumiza mugongo? Minye mugongo inaniuma. Basi ni kazi."

Ndiyo maana mradi ulipofika, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Uliitwa Présence. Ulileta pamoja chuo kikuu cha ng'ambo, watafiti wa Lubumbashi, kampuni ya mitambo ya simu na zahanati kadhaa za mjini. Nia yake, hata Bibiane mwenyewe hakatai, ilikuwa njema: kuchunguza jinsi watu wanavyotunzwa nyumbani, kuwafundisha wanawake kazi hiyo, kuwalipa, na mwishoni kuwapa brevet, cheti ambacho zahanati zingekitambua. Mshahara ulikuwa dola themanini kwa mwezi. Kwa mara ya kwanza mtu alimwambia Bibiane kwamba kuosha mgonjwa ni taaluma.

Kila mwanamke alipewa kifaa cheusi cha kuvaa shingoni, kidogo kama kiberiti. Kina kitufe cha kumwita muuguzi, na kitufe hicho kilimwokoa bibi mmoja wa mtaa wa Panda aliyekuwa amepaliwa. Hilo Bibiane huwa analisema kwanza, asionekane mtu wa kukataa mambo mapya.

Lakini kifaa hicho pia kinasikiliza. Kinachukua sauti ya aliyekivaa, kinapima maneno na ukali wake, kisha taa yake ndogo inawaka: kijani ukiongea vizuri, njano ukiwa na haraka, nyekundu ukiwa mkali. Sauti ya mgonjwa kinaifuta palepale. Watafiti waliona kwamba mgonjwa hakuomba kurekodiwa, na maneno ya kitandani kwake ni siri yake. Sheria nzuri. Ndiyo iliyomzika Bibiane.

Alipopelekwa nyumbani kwa papa Adolphe, alikuta nyumba imeshindwa. Mzee alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha shaba tangu ujana wake, mtu wa kutembea kifua mbele, na sasa analala ndani ya uchafu wake. Mke alishakufa. Binti yake Carine anapikia wafanyakazi kwenye kambi ya wachimbaji huko Kamatanda, hurudi jioni amechoka. Na hata angekuwepo kutwa nzima, mtoto wa kike haoshi uchi wa baba yake. Ni mwiko, na mzee alikuwa tayari kuoza kuliko kuuvunja. Aligeukia ukuta. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyokwenda.

Bibiane alikaa pembeni ya kitanda, akauliza swali moja tu.

"Papa, kwenu ni ukoo gani?"

Mzee aligeuza uso kutoka ukutani. "Mbuzi," akasema mwisho.

"Aaa!" Bibiane alipiga makofi. "Nyama yangu! Bananiletea nyama mpaka mu kitanda!"

Wazazi wa Bibiane, kama wa papa Adolphe, walitoka pande za mto Luapula, na Bibiane ni wa ukoo wa Chui. Chui na Mbuzi ni banungwe, watani wa ukoo tangu mababu. Mnungwe wako anaweza kukukamatia kuku mchana kweupe ukabaki unacheka. Anaweza kukuita mzoga mbele ya wakwe zako. Ukikasirika, wewe ndiye unayelipa faini. Na ukifa, yeye ndiye anayekuosha, maana kwake huna aibu. Uchi ambao binti hawezi kuuona, mnungwe anauona na kuucheka.

Siku hiyo papa Adolphe alicheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Nusu ya uso ilicheka, nusu ilibaki pale pale, lakini alicheka. "Ngozi ya chui," akasema taratibu, "ni ya kukalia." Halafu akakubali kuoshwa.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kila asubuhi Chui alimtishia Mbuzi, na Mbuzi, ili amjibu, alilazimika kuutafuta ulimi wake. Kila siku maneno yaliongezeka. Kila siku sahani ilirudi tupu. Na kila siku, shingoni mwa Bibiane, ile taa ndogo iliwaka nyekundu.

"Nilifikiri betri iko na magonjwa," anasema.

Wanawake wa mradi waliitwa kwenye ukumbi wa parokia. Wageni wawili wa kile chuo cha ng'ambo walikuwepo. Mbele alikaa Hénoc, mratibu wa mradi, kijana wa Lubumbashi mwenye shati lisilokunjika. Carine naye aliitwa, akaketi mstari wa kwanza bila kuambiwa sababu. Kisha kwenye spika ikapigwa sauti.

"Maiti weye! Fungua kinywa!" Kimya. "Utakufa lini niuzishe hii kitanda?" Kimya. "Ukikatala kula, nitakupaka chumvi, nitakukausha sawa samaki!" Kimya.

Ilikuwa sauti ya Bibiane, na kwenye kila kimya kulikuwa na shimo ambamo maneno ya papa Adolphe yalifutwa. Yale ya meno, yale ya ngozi, na mengine ambayo gazeti haliwezi kuyachapa. Kilichobaki ni mwanamke mwenye afya anayemzomea mlemavu asiyejibu.

Mgeni mmoja alifunika kinywa kwa mkono. Carine alisimama akilia.

"Mama Bibiane, baba yangu ni maiti? Minye nakuachia baba yangu, weye unamuita maiti?"

Carine ni mtoto wa mjini. Banungwe aliwahi kuwaona kwenye misiba, wakiwazuia watu wasizike mpaka wapewe kitu. Hakujua kwamba utani huo unaweza kukaa kwenye kitanda cha mgonjwa, asubuhi, na sahani ya bukari.

Lakini wenzake Bibiane walijua. Hapo ndipo hasira yake inapopanda ngazi. Ukumbini walikuwepo wanawake zaidi ya ishirini, nusu yao wenye banungwe wao mtaani, wanaotukanana nao sokoni mpaka wauza nyanya wanaacha kuuza. Hakuna aliyefungua kinywa. Walitazama viatu vyao. Rafiki yake Joëlle, waliyelala naye sakafu moja kwenye korido za hospitali, alitazama viatu vyake kuliko wote.

"Nilimuangalia Joëlle," anasema Bibiane. "Nikasema, huyu atasimama. Hapana. Alikuwa anahesabu vidole vya muguu."

Bibiane alisimamishwa kazi siku hiyo. Jina lake liliwekwa alama nyekundu kwenye mtambo wa mradi, ambao zahanati zote washirika huuangalia kabla ya kumwajiri mtu. Angeweza kurudi kwa sharti moja: akiri mbele ya wote kwamba alimtesa mgonjwa kwa maneno, kisha apewe mafunzo ya sauti ya upole.

Alimfuata Hénoc mpaka nje, kwenye gari.

"Weye mutoto, kwenu hakuna banungwe?"

Hénoc, anasema Bibiane, hakukataa. Alishusha sauti. "Mama, minye najua. Ku kilio ya nkambo yangu, banungwe balilala mu kaburi mpaka tukabapa mbuzi. Najua."

"Basi rudia mule ndani, useme."

"Nitasema nini? Bageni banangojea rapport. Mu programme hakuna nafasi ya bunungwe."

"Weye hauko programme. Weye uko na kinywa."

Hénoc aliingia garini, akafunga mlango taratibu, kwa adabu. Bibiane anauiga ule mlango unavyofungwa. Anauiga vizuri sana.

Kama Hénoc asingejua, anasema, angemsamehe. Mtambo haujui, ulifundishwa mbali, na watu wasiowahi kukanyaga Kikula. Wageni hawajui. Lakini Hénoc alijua. Alimwona mwanamke anachafuliwa kwa jambo ambalo kwao yeye mwenyewe lilimzika bibi yake, akachagua shati lisikunjike.

Sharti lile Bibiane alilikataa. Alirudi kwenye korido za hospitali, akakuta habari imemtangulia, maana Likasi ni mji wa masikio. Familia ya kwanza ilimuuliza kama yeye ndiye yule mama wa matusi. Ya pili haikuuliza, ilimpita tu.

Nyumbani kwa papa Adolphe mradi ulimpeleka Joëlle.

Joëlle ni mwanamke mpole kwa asili, mwenye sauti ya kumlaza mtoto, na ukoo wake hauna utani wowote na Mbuzi. Alimwambia mzee "papa mpendwa". Alimwambia "taratibu, papa, tonge dogo tu". Taa yake iliwaka kijani tangu asubuhi mpaka anapokwenda nyumbani. Na papa Adolphe aliufunga mdomo kama mlango wa benki.

Carine alimbembeleza baba yake ale. Mzee alimjibu maneno ambayo Carine hayasahau. "Ule mama anaongea na minye sawa vile niko mu jeneza. Banaongeaka vile na bantu benye balishaka kufa. Chui yangu iko wapi?"

Ndipo akamweleza binti yake bunungwe, neno kwa neno, ulimi ukiburuta mguu. Maelezo yalichukua mchana mzima. Yalipokwisha, Carine alijifunika kitenge usoni. Mbavu za baba yake zilikuwa zimeanza kuhesabika.

Alikwenda kwa Bibiane, akamkuta anapepeta unga.

"Mama, nisamehe. Kuya umulishe papa."

"Na mradi?"

"Mradi usijue. Bakijua, batachukua kiti cha magurudumu na manguo ya kitanda yenye balituletea. Utakuwa unapita nyuma."

"Nyuma!" Ungo uliruka. Majirani wanasema sauti ilisikika mpaka kwenye reli. "Mulinichafua mbele ya bantu bote, na spika! Leo munanikuyia nyuma ya nyumba sawa mwizi wa mihogo? Toka! Toka nisikumwagie unga!"

Carine alifika mlangoni, akasita. Alikuwa na ujumbe mmoja amebaki nao, na aliona haya kuutoa.

"Papa alisema nikuambie... anasema chui imezeeka. Anasema inaogopa mbuzi ya muguu moja."

Bibiane alipangusa mikono. Kisha akauacha unga pale ulipomwagika, akavaa sandali.

"Alisema vile? Ile nyama? Twende!"

Tangu siku hiyo ukaanza mchezo ambao ungechekesha kama usingeuma. Asubuhi Joëlle, aliyekwisha kukubali, aliingia kwa mlango wa mbele, amevaa kifaa chake. Bibiane aliingia kwa mlango wa jikoni, shingo tupu. Joëlle alikaa kwenye kiti pembeni ya dirisha, akisema mara mojamoja "vizuri, papa", "pole, papa", ili kifaa kipate cha kusikia. Bibiane alimnyanyua mzee, alimwosha, alimtukana, alimlisha. Kifaa kiliisikia sauti ya aliyekivaa tu. Kijani, kijani, kijani.

Mwisho wa mwezi Joëlle alimpa Bibiane nusu ya mshahara. Bibiane aliipokea. "Minye si malaika," anasema. "Lakini nilimuambia: ma Joëlle, hii pesa ni ya mukono. Ya kinywa ungali na deni."

Papa Adolphe alinenepa. Alianza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, kwa sababu Bibiane alimwambia kwamba mbuzi hana mikono. Watafiti walipokuja kumpima, walishangaa. Mgonjwa aliyekuwa anateswa na mtunzaji mkali, sasa anastawi kwa mtunzaji mpole! Waliandika. Walipiga picha za Joëlle. Ikapatikana hitimisho: sauti tulivu hurudisha hamu ya kula. Ikasemwa kwamba mafunzo ya sauti tulivu yatapelekwa miji mingine.

Joëlle anasema usiku ule hakufunga jicho. "Nilikuwa najua sauti tulivu ilifanya nini mu ile nyumba. Ilikuwa inamuua."

Siku ya kugawa brevet ukumbi ulijaa. Waliletwa soda, keki, na kwaya. Bibiane hakualikwa. Alikuja. Alisimama mlangoni kabisa, karibu na wapiga ngoma, mikono kiunoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia atoke.

Hénoc alisoma jina la mtunzaji wa mfano: Joëlle. Makofi. Joëlle alikwenda mbele, akaipokea brevet kwa mikono miwili, akapewa kipaza sauti ashukuru.

"Merci," alisema kwa ile sauti yake ya kulaza watoto. "Lakini hii kitu haiko yangu."

Hénoc alitabasamu, akidhani ni unyenyekevu.

"Minye papa Adolphe hakuniliaka hata tonge moja. Nilikuwa nakaa ku dirisha. Mwenye kumuosha ni mama Bibiane. Mwenye kumulisha ni mama Bibiane. Na matusi. Ile matusi mulisikia hapa, njo dawa yake. Na papa anamujibu, anamutukana kumupita, ni shiye tulifuta kinywa yake."

"Mama Joëlle," Hénoc aliingilia, "tutaongea hii mambo mu bureau yangu..."

"Weye nyamaza!" Hii haikuwa sauti ya kulaza mtoto. Watu waliomjua Joëlle miaka yote waligeuka kuangalia kama kuna mtu mwingine nyuma yake. "Unajua! Bote humu banajua! Minye nilijua na nikaangalia viatu!"

Kisha kutoka katikati ya ukumbi mama Princesse, mtunzaji wa Shituru mwenye mwili mpana, alisimama, akamnyooshea kidole mwenzake aliyekaa mistari miwili mbele.

"Na weye, Anne! Mwizi wa kuku! Ukoo ya bantu benye kunuka! Nakutukana mbele ya bageni, utanifanya nini?"

Anne aligeuka kama aliyekuwa anangojea tangu asubuhi. "Uliza mwili wako kama iko na nafasi ya kufanyiwa kitu! Siku utakufa tutakubeba na lori!"

Ukumbi ulipasuka. Wanawake walisimama, wakatafutana, wakatukanana kwa koo zao, mmoja juu ya mwingine, kwa vicheko, kwa machozi, na kwa aibu iliyokuwa inatoka mwilini kama jasho. Na shingoni mwao, moja baada ya nyingine, zile taa ndogo zikawaka. Mstari wa mbele ukawa mwekundu. Mstari wa nyuma ukawa mwekundu. Mgeni mmoja wa kile chuo aliliangalia lile shamba la taa nyekundu na wanawake wanaokumbatiana chini yake. Akamuuliza Hénoc jambo sikioni. Hénoc alinyoosha kola ya shati lake.

Mtu angedhani mambo yaliishia hapo, kwa wimbo na kukata keki. Hapana. Mkutano ulifungwa. "Tutawasiliana," walisema wenye mradi. Brevet ya Joëlle ilichukuliwa. Kiti cha magurudumu cha papa Adolphe kilirudishwa kwenye ghala, kwa sababu nyumba ile ilivunja kanuni. Na jina la Bibiane lilibaki jekundu palepale lilipokuwa, kwa sababu, aliambiwa, mtambo hauna njia ya kufuta alama. Una njia ya kuiweka tu.

"Banaweza kusikia minye nikipumua kutoka ng'ambo," anasema Bibiane, na sasa hapigi kelele, jambo linalotisha zaidi. "Lakini kufuta neno moja, hawawezi."

Sasa Carine ndiye anayemlipa, kiasi anachopata Kamatanda, wiki nyingine pesa, wiki nyingine unga na mafuta. Mzee akitaka kuona barabara, Bibiane na Joëlle wanambeba kwenye kiti cha plastiki, mmoja huku, mmoja huku, na yeye anawatukana wote wawili, ingawa Joëlle si mnungwe wake. Joëlle anasema amekubali kuwa chui wa kuazima.

Ndiyo, Joëlle. Walirudi kuwa marafiki baada ya siku ile, lakini si palepale. Bibiane alimwacha aje mara tatu. Mara ya nne alimfungulia, akamwambia, "Deni ya kinywa umelipa. Ingia ukule, kuna sombe."

Wanawake wengi wa mradi wamevua vifaa vyao. Wameviweka nyumbani kwa mama Princesse, ndani ya ndoo yenye mfuniko, na wanasema havitatoka mpaka waitwe kukaa meza moja na wenye mradi. Hawataki mradi ufe. Dola themanini si mzaha, na brevet wanaitaka. Wanataka mgonjwa anayekubali kurekodiwa asikilizwe naye. Wanataka mtu wa Kikula awepo pale mtambo unapofundishwa ukali ni nini. Na wanataka alama nyekundu ya Bibiane iondolewe kwanza, kabla ya jambo jingine lolote.

Hénoc alirudi. Alikuja peke yake, kwa taksi, akaketi kwenye kigoda uani kwa Bibiane na shati lake. Alileta pendekezo: Bibiane aende Lubumbashi, aingie kwenye chumba cha kurekodia, atukane siku mbili mfululizo, ili mtambo ujifunze matusi ya utani. Angelipwa vizuri.

"Nikamuuliza, nitukane nani?" anasimulia Bibiane. "Anasema, microphone. Nikamuambia: microphone ni ya ukoo gani?"

Anainuka, anaingia chumbani, anaufunika mguu wa papa Adolphe kwa shuka, anarudi kuketi. Mpango wake anao, na ameukariri kama sala. Akisafishwa, atachukua brevet yake na kuitundika ukutani. Kisha yeye na Joëlle watawafundisha wanawake wapya, kwa mshahara, wakianza na swali la kwanza la kumuuliza mgonjwa: kwenu ni ukoo gani? Kazi ipo tele. Likasi imejaa wazee waliomaliza miili yao viwandani na watoto wao wako machimboni.

"Lakini jina langu kwanza," anasema. "Na si mu bureau, na mlango wa kufunga. Mu ile ile salle ya parokia. Na ile ile spika. Carine akae mbele vile alikaa, na Hénoc aseme na kinywa yake, sauti ya papa iingie mu yale mashimo balitoboa."

Na Hénoc mwenyewe, je? Atamsamehe?

Chumbani mzee anaita, anauliza kama chui amelala.

"Sijui ni wa ukoo gani, ule mutoto. Siku atasafisha jina yangu, nitamuuliza. Pengine ni nyama yangu, tutatukanana mpaka ashibe." Anasimama, anajifunga kitenge upya. "Mpaka ile siku, minye namuitaka Monsieur Hénoc. Namuongelesha na adabu yote."